Kwa Nini Alfu Lela Ulela Haichakai

Katika hekaya zote za ajabu walizosimuliwa au walizosomewa watoto wa pwani yetu, toka Lamu hata Unguja, sidhani kama iko silsila iliyokaa nyoyoni muda mrefu kuliko Alfu Lela Ulela, yaani zile hadithi za Shahrazadi, binti wa waziri, ambaye kwa kuikata hadithi kila kulipopambazuka, pale pale ilipokolea, aliuzuia upanga wa mfalme usishuke shingoni mwake. Aghalabu husemwa kwamba sababu ya kudumu kwake ni majini, farasi warukao na taa ya Aladini. Mimi sikubali, kwa kuwa majini hata huku kwetu Matsangoni hayajaadimika, na mtoto aliyekua akionywa asikae chini ya mbuyu magharibi hababaiki kwa jini mmoja wa kitabuni. Kinachomnasa, kwa rai yangu, ni kuwa maajabu yale huwafika watu wa kazi anazozijua: mchukuzi, mshona nguo, tajiri wa jahazi, mvuvi.

Tazama hekaya ya mvuvi, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote. Ni mzee fukara mwenye mke na watoto watatu, na ada yake ni kutupa wavu mara nne kwa siku, asizidishe. Mara ya kwanza huopoa punda aliyekufa. Ya pili, mtungi uliojaa mchanga na tope. Ya tatu, vigae na vipande vya chupa. Na ya nne, chombo cha shaba kilichozibwa kwa risasi na kupigwa muhuri wa Nabii Sulemani. Msomaji wa bara huenda akamcheka yule punda, lakini mtoto ambaye baba yake ameshuka Uyombo na kimia alfajiri akarudi adhuhuri na mwani mtupu hacheki, bali hungoja kwa hamu hiyo mara ya nne, maana ndiyo itakayoamua kama nyumbani moto utawashwa. Ndipo atokapo jini, ambaye karne ya kwanza ya kifungo chake alinuia kumtajirisha atakayemfungua, baadaye kumfunulia hazina za ardhi, kisha kumtimizia haja tatu, hata aliposubiri mno akaghadhibika, akaapa kumwua mwokozi wake na asimwachie hiari ila ya namna ya kufa. Mvuvi hana silaha wala hirizi. Hujifanya tu hasadiki kuwa kiumbe wa kimo kile aliwahi kuenea chomboni, na jini kwa kiburi chake huingia tena ili amwonyeshe. Sungura wa ngano za Wagiriama angalifanya vivyo hivyo.

Tena kuna Mji wa Shaba, mji uliosheheni mali na usio na mtu hai, ambao huko ughaibuni wanaweza kuudhani kuwa ndoto tupu. Bali sisi, mwendo si mrefu kuelekea Malindi, tunao Gede, na kasri lake, misikiti yake, visima vyake na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, ambao ni 1399 Miladi, mji uliohamwa katika karne ya 17 na kumezwa na msitu, mpaka James Kirkman alipoanza kuufukua mwaka 1948 na kukuta humo vyombo vya kauri vya China.

Mtunzi wa hekaya hizi hajulikani kwa kuwa si mmoja. Al-Masudi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefika mwenyewe pwani hii ya Zinji yapata mwaka 916, alikitaja kitabu cha Kiajemi cha Hadithi Elfu ambacho ndicho shina lake. Aladini na Ali Baba, ambao leo ndio mashuhuri kupita wote, hawamo katika nuskha za kale za Kiarabu. Hanna Diyab, Mkristo wa Halabi, alimsimulia Mfaransa Antoine Galland mwaka 1709, naye akazitia katika tarjuma yake iliyotoka baina ya 1704 na 1717. Kwetu zilitangulia midomoni: Askofu Edward Steere alipochapisha hadithi za Unguja mwaka 1870, zilikuwamo tayari za Mohammadi Mtepetevu na Hasibu Karim ed-Din, ambazo asili yake ni humo humo. Baadaye ndipo Edwin Brenn na Frederick Johnson walipozitoa kwa Kiswahili katika vitabu vilivyosomwa mno shuleni, na Shaaban Robert naye akachota humo alipotunga Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952.

Lazima niseme kwamba hazikutungwa kwa ajili ya watoto. Nyingine ni za faragha ya watu wazima, na katika baadhi yake mtu mweusi huonyeshwa kwa dharau isiyo na udhuru, jambo ambalo mzazi wa Kiafrika hana sababu ya kulifumbia macho. Basi nawasihi wazazi na walimu wa Kilifi: wasomeeni watoto hekaya hizi kwa sauti, mkianza na ile ya mvuvi, na zile zinazotutukana, ama zirukeni, ama wakishakua zisomeni pamoja nao na mwaeleze waziwazi kuwa ni matusi.