Mtoko wa Nyanda za Juu

Mwezi wa saba, Mbeya kunapiga baridi ya koti juu ya sweta. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtoko wa Ijumaa unaanzia karibu na jiko la mkaa: kitimoto rosti, ndizi za kuchoma, kachumbari yenye pilipili. Mnakula sahani moja, raha tupu. Tatizo ni muziki. Spika zinanguruma mpaka mnaacha kuongea, kila mtu na simu yake.

Ukishika barabara kuu kwenda Iringa wakati wa mvua, utakuta msimu wa ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi michanga. Ukiwa mbichi ni mtamu. Ukilala unakuwa mkali. Usidanganywe na utamu wa glasi ya kwanza!

Ila ukitaka pa kukaa na mwenzi wako, nenda mgahawa wa Neema Crafts, kituo cha watu wenye ulemavu kilichoanzishwa mwaka 2003 na Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Wahudumu ni viziwi, unaagiza kwa maandishi au ishara. Mimi na mume wangu tuliingia tumenuniana tangu Mafinga. Kuagiza chai na keki tu ikabidi tushike kalamu moja, tuangaliane, tucheke. Ugomvi ukaishia hapo.

Kwa hiyo wikiendi hii, kabla hujauliza bili itafika shilingi ngapi, jiulize: tutaangaliana?