Laptopu Inayougua Kila Mara: Ni Windows au Ni Mwili?

Zamani kidogo hapa kwetu karibu kila aliyeshikwa na homa alimezeshwa dawa ya malaria. Damu haikupimwa. Homa ikirudi, dawa nyingine. Siku hizi watu wamejifunza kupima kwanza, lakini laptopu zetu bado tunazitibu kwa mtindo ule ule wa kale. Mashine ikijizima, "weka Windows mpya." Ikikwama katikati ya kazi, "weka Windows mpya." Skrini ikigeuka buluu na kuandika maneno ya kutisha, dawa ni ile ile. Fundi analipwa, laptopu inatulia wiki moja, kisha ugonjwa unarudi pale pale ulipokuwa.

Nataka tuzungumzie jinsi ya kupima damu. Hili si jambo la kuchezea, kwa maana mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye mradi wake wa somo la Kompyuta ndani ya mashine kama hiyo anaweza kuamka siku moja asikute chochote. Naye mzazi anaweza kuambiwa anunue laptopu nyingine, ilhali kilichokufa ni kijibetri cha ukubwa wa sarafu.

Laptopu ina sehemu mbili. Kuna programu, yaani Windows na jamaa zake, ambazo huwezi kuzishika. Kisha kuna mwili: diski, kumbukumbu, betri, feni, skrini, madabodi, waya. Vitabu huuita mwili huu maunzi. Programu ikiharibika, unaifuta na kuiweka upya, mambo yamekwisha. Maunzi yakianza kufa, hata uweke Windows mara kumi utakuwa unapaka rangi nyumba ambayo msingi wake unatitia. Swali la kujiuliza basi ni hili: je, tatizo linabaki hata Windows isipokuwapo?

Lakini kabla ya kupima chochote, nakili kazi zako zote kwenye flashi au mahali pengine. Fanya hivyo leo, mashine ingali inawaka. Upimaji huifanyisha diski kazi ngumu, na diski iliyo mahututi yaweza kukata roho katikati ya uchunguzi. Usimkimbize mgonjwa mbio kabla hajaandika wosia.

Hatua ya pili haina gharama. Chukua daftari, uandike kila tatizo linapotokea: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, mashine ilikuwa na joto au baridi, chaja ilikuwa imechomekwa au la, je, uliigusa au kuisogeza? Baada ya siku kama tano hivi, soma ulichoandika. Aghalabu matatizo ya programu hufuatana na kitendo: kila ukifungua programu fulani, au tangu siku ile Windows ilipojisasisha. Ya maunzi hufuatana na hali: joto, muda, mtikisiko, umeme. Laptopu inayozimika kila baada ya dakika 20, uwe unaandika insha au unatazama video, haina ugomvi na programu moja. Windows yenyewe pia ina daftari lake. Andika perfmon /rel kwenye sehemu ya kutafutia, nawe utaona siku baada ya siku ni lini mambo yaliharibika. Angalizo: ukikutana na ujumbe wa Kernel-Power 41, usikimbilie kusema umepata mchawi. Ujumbe huo unasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagana. Haisemi ni nani aliyeizima.

Sasa tuiondoe Windows njiani. Washa laptopu na uingie kwenye BIOS, ule ukurasa unaofunguka kwa kubofya F2, F10 au Delete kabla Windows haijaanza, kutegemea mtengenezaji. Iache hapo nusu saa. Ikizimika au skrini ikichora mistari ukiwa ndani ya BIOS, Windows haina hatia, maana haikuwapo. Hata hivyo, kutulia kwake hapo si ushahidi kamili, kwa sababu ndani ya BIOS mashine inafanya kazi kidogo sana.

Kipimo chenye nguvu zaidi ni kuiwasha kwa flashi yenye Linux, mathalan Ubuntu, ambayo hupatikana bure na huweza kujaribiwa bila kuiweka ndani ya mashine. Itumie hivyo siku mbili tatu, kwa kazi zile zile. Matatizo yakiendelea, ni mwili. Yakitoweka je? Hapa wengi huruka na kusema, "Si nilikuambia ni Windows!" Wacha haraka. Ukitumia flashi, diski ya ndani huwa haifanyi kazi. Kwa hivyo matatizo yakitoweka, washukiwa ni wawili: Windows na diski. Na mimi huanza na diski.

Diski ndiyo inayowadanganya watu kuliko kiungo kingine chochote, na ndiyo sababu ya ule utulivu wa wiki moja. Diski inapozeeka huwa na sehemu ndogo ndogo zisizosomeka tena. Faili ya Windows ikiwa imekaa juu ya sehemu hiyo, mashine inakwama. Ukiweka Windows upya, faili zinaandikwa mahali pengine palipo pazima, na kila mtu anapiga makofi. Kisha ubovu unaenea, unawafikia huko huko. Bahati nzuri ni kwamba karibu diski zote hujikagua kwa utaratibu uitwao SMART. Pakua programu ya bure kama CrystalDiskInfo uisome. Rangi ya buluu ni nzuri, ya manjano ni onyo, nyekundu ni msiba. Kwa diski za kuzunguka, tazama hasa safu ya 05, inayohesabu sehemu mbovu ambazo diski imeshazihama, na C5, inayohesabu zile inazozitilia shaka. Namba hizo zikiwa si sufuri, na hasa zikipanda wiki hadi wiki, hakuna mjadala: nunua diski nyingine. Diski ya kuzunguka ikianza kugonga tik, tik, tik, hata usingoje wiki. Zile za SSD hazina sauti. Hufa kimya kimya.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mwaka wa 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishapata kosa la kwanza katika kujikagua, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 zinazofuata huwa mara 39 ya ule wa diski zisizo na kosa kama hilo. Hayo ndiyo mawingu. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya thuluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote katika vipimo hivyo, ukiondoa joto. Yaani mvua ilinyesha mbingu zikiwa nyeupe. Kwa hiyo rangi ya buluu isikufanye uache kunakili kazi zako.

Diski ikiwa nzima, geukia kumbukumbu, ile RAM. Dalili yake ni vurugu isiyo na mpangilio: leo skrini ya buluu inasema hivi, kesho inasema vingine, kesho kutwa faili uliyoihifadhi vizuri inakataa kufunguka. Andika mdsched na Windows itaipima mashine ikiwashwa upya. Afadhali zaidi ni Memtest86+, nayo huwashwa kutoka kwa flashi na kuachwa usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. Kumbukumbu haina alama ya kupita. Kama laptopu yako ina vipande viwili vya RAM, zima, ondoa betri, toa kimoja, ujaribu kingine peke yake, kisha ubadilishane. Wakati mwingine utakuta hakuna kilichokufa, kimoja kilikuwa tu hakijakaa vizuri kwenye kiti chake. Ila kuna laptopu nyembamba ambazo RAM yake imechomelewa kwenye madabodi. Hizo mwachie fundi.

Joto nalo lina mkono wake. Prosesa nyingi za laptopu, zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hupunguza mwendo ili zipoe. Joto likizidi, mashine hujizima ghafla kama taa ya KPLC. Hapa kwetu kuna vumbi la kutosha kuziba feni yoyote, na wengine wetu tunaiweka laptopu juu ya blanketi, tukiziba matundu ya chini kabisa! Ukiona asubuhi inafanya kazi vyema na mchana inazimika, au feni inanguruma lakini hewa haitoki, isafishwe kabla hujasikiliza habari ya Windows.

Joto hilo laweza pia kuacha kidonda kisichopona. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitangaza kwamba ingetenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya laptopu zilizokuwa zikiharibika, kwa kuwa baadhi ya chipu zake za picha zilitengenezwa kwa malighafi dhaifu. Kila chipu ilipopata moto na kupoa, viungio vyake vidogo vilivutwa na kuachwa, vikavutwa na kuachwa, hadi vikapata nyufa. Watumiaji waliona mistari, skrini nyeusi, kisha pengine mashine inapona kwa siku kadhaa. Dell ilitoa BIOS mpya ya kuifanya feni izunguke zaidi. Hilo lilisaidia kuahirisha ubaya, lakini programu haiwezi kuunganisha ufa. Ndiyo maana nasema mashine "iliyopona" ghafla bila sababu isisadikiwe upesi.

Umeme usisahauliwe. Chaja ya kuazima yenye nguvu ndogo, tuseme wati 45 kwa mashine inayotaka wati 65, huifanya laptopu itambae au isijaze betri. Chaja nyingi za Dell zina waya mwembamba wa ziada unaoieleza mashine chaja hiyo ni ya wati ngapi. Waya huo ukikatika, laptopu inawaka lakini betri haijazwi, na mwendo unapungua. Mwenyewe analia eti madabodi! Kwa hiyo azima chaja sahihi kwa jirani ujaribu kwanza. Kuhusu betri, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili utakayoelekezwa. Linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ilianza na 48,000 na sasa inafika 15,000, imebaki chini ya thuluthi, hakuna programu itakayoirudisha. Na betri ikivimba, ukaona kifuniko kinainuka au kile kibao cha kusogezea mshale kimekuwa kigumu kubofya, zima mara moja. Usiichaji, usiitoboe, usiifinye. Inaweza kuwaka moto.

Vilivyobaki ni vyepesi. Skrini ikiwa na mistari, unganisha laptopu na projekta ya shule: picha ikiwa safi ukutani, tatizo ni skrini au waya wake, na mistari ikibadilika unapoinua na kushusha kifuniko, basi ni waya. Ikiwa chafu ukutani vilevile, mshuku chipu ya picha. Herufi zikijiandika zenyewe, chomeka kibodi ya nje na ujaribu. Saa ikirudi nyuma miaka kila ukiwasha, na tovuti zikikataa kufunguka kwa madai kwamba si salama, huenda ni kile kijibetri cha sarafu nilichokitaja mwanzoni, aghalabu CR2032. Ni kitu cha bei ya chini mno.

Tusiwasingizie wazima, ingawa. Laptopu iliyo polepole tangu siku ya kwanza, yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, si mgonjwa, ni mnyonge. Mpe SSD utashangaa. Na kama ikiwashwa katika hali salama ya Windows haina shida hata kidogo, mara nyingi ni draiva au programu iliyoingia juzi. Hapo ndipo dawa ya Windows mpya ina haki yake.

Mwisho wa safari ni kwa fundi, kwa kuwa madabodi hatuwezi kuipima wenyewe. Usimfikie ukisema "imeharibika tu." Mpe daftari lako: inazimika baada ya dakika 20 ikiwa na joto, hata ndani ya BIOS, RAM imepimwa usiku kucha bila kosa, chaja imebadilishwa. Fundi mzuri atafurahi, umemwokolea nusu siku. Akikuambia ni madabodi, muulize kwa upole amejuaje, na kama amejaribu RAM, diski na chaja nyingine nzima. Akijibu kwa kukuonyesha, mwamini. Akijibu, "Wewe niachie tu," funga mkoba wako uende kwa mwingine. Na akibadilisha kipande chochote, mwombe kile cha zamani ukibebe nyumbani.