Chaneli moja ya Twin Reverb ikifa, ulipie nini kwanza?

Fender Twin Reverb za miaka ya 1960 na 1970 zina chaneli mbili: ya kawaida, na ya vibrato, ambayo ndiyo yenye mwangwi na mtetemo. Chaneli moja ikinyamaza huku nyingine ikiimba, wapiga gitaa wengi hukimbilia kununua seti nzima ya valvu. Hizo ni pesa za kutupa. Maadamu chaneli moja inasikika vizuri, basi transfoma, spika na zile valvu nne kubwa za 6L6, yaani vitu vya bei, ni vizima, kwa sababu chaneli zote mbili huvitumia. Ubovu uko mbele, kwenye vitu vya bei ndogo.

Kipimo cha kwanza ni cha bure. Zima amplifaya, chomoa waya ukutani, iache ipoe. Ukiitazama kwa nyuma, valvu ya kwanza kutoka kulia ni ya chaneli ya kawaida, ya pili ni ya vibrato, na zote ni 12AX7. Zibadilishe nafasi. Ubovu ukihamia chaneli nyingine, umeshamjua mkosaji. Usipohama, na iliyokufa ni vibrato, ijaribu ile valvu nzima kwenye tundu la nne pia, maana sauti ya vibrato hupita hata huko. Wengi hawalijui hilo, wakaamua kwamba valvu si tatizo kumbe ndiyo yenyewe.

12AX7 mpya ya JJ, inayotengenezwa Slovakia, Marekani kwa kawaida haizidi dola 30. Telefunken au Mullard ya zamani ambayo haijatumika inaweza kupita dola 100 kwa moja. Sauti yake ni tamu, sibishi, lakini usiinunue kwa ajili ya kutafuta ubovu.

Ikiwa tatizo ni mikwaruzo unapozungusha kitufe cha sauti, kopo la dawa ya kusafishia swichi, la dola 20 hivi, mara nyingi hutosha. Mikwaruzo ikirudi baada ya siku chache, usinunue kopo la pili. Huenda kapasita fulani inavujisha umeme hadi kwenye kitufe, na hapo hakuna dawa itakayosaidia.

Kapasita hiyo ni ya bei ndogo. Rezista ya kaboni ya kilo-omu 100 inayolisha valvu, ambayo uzeeni hutoa sauti ya kukaanga au hukatika kabisa, haifiki hata dola moja. Tatizo ni mahali zilipo. Ndani ya boksi hilo kuna zaidi ya volti 400, na kapasita kubwa huweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa. Umeme huo unaua. Kama hujafundishwa kuutoa, usifungue.

Kwa hiyo unachonunua hapa ni ujuzi. Mafundi wengi Marekani hutoza kati ya dola 60 na 120 kwa saa, na kazi ya chaneli moja kwa mwenye mita na mchoro wa amplifaya haihitaji siku nzima. Muulize ataanzia wapi. Akisema atapima volti kwenye miguu ya valvu, mwachie kazi. Akisema atabadilisha kila kitu, tafuta mwingine. Ila akikuonyesha kwamba kapasita kubwa za umeme ni zile zile za kiwandani, zenye miaka 50, mkubalie azibadilishe hata ikikugharimu dola 200 au 300, kwa kuwa zikifa zinaweza kuondoka na transfoma.

Kununua nyingine? Twin Reverb mpya ya valvu inagusa dola 2,000 na ina uzito wa kilo 29 hivi. Tone Master, toleo la Twin Reverb la 2019 lisilo na valvu, ina kilo 15 na bei yake imepita dola 1,000. Kwa anayechoka kubeba, hiyo ni sababu ya kweli. Chaneli moja iliyokufa si sababu.

Na wewe unayeleta amplifaya ya volti 120 Mombasa au Dar es Salaam, tenga pesa ya transfoma ya kushusha umeme, isiyopungua wati 500, kabla ya kununua valvu yoyote.