Jiwe Kwanza, Maji Baadaye

Picha nyingi za maporomoko tunazotumiana kwenye simu zina kasoro moja: maji yote meupe kama maziwa, na zaidi ya hapo hakuna cha kutazama. Mpigaji kajifunza kuiacha shata wazi kwa muda, kafurahia jinsi maji yalivyolainika, akafunga mkoba akaondoka. Lakini jicho haliutambui ulaini mpaka lione ukavu na ukwaru karibu yake. Ndiyo maana mimi humshauri mtu anayefika mtoni na kamera ayape maji kisogo kwanza, atafute jiwe, mzizi au jani la kuibeba picha. Maji hayaendi kokote. Au tuseme yanakwenda, lakini mengine yanakuja.

Tuchukue Mto Zigi, unaoteremka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki, kuelekea Tanga. Kwenye vijito vya huko vyenye kivuli miamba imevaa ukoga wa kijani na makangaga, na penye bahati utakuta lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda kwenye vyungu vya madirishani, Saintpaulia. Limepewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyelipeleka kwao mwaka 1892. Wengi hulisifia ua lenyewe. Kwa kazi yetu hii, jani lake lina thamani zaidi: nene, limejaa vinyweleo, na kila kinyweleo kinaweza kushika tone la maji. Mwanga ukija kwa ubavuni, vinyweleo hivyo huonekana kimoja kimoja. Weka nyuma yake kijito kinachopita kwa mshazari, kiingie pembe ya juu kushoto na kutokea chini kulia, na tayari una picha yenye sauti mbili.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la sekunde: shata ikae wazi muda gani? Namba moja ya kumpa kila mtu haipo, na anayekupa namba bila kuuliza umesimama wapi anakubahatishia. Kinachoamua ni umbali ambao maji yanasafiri ndani ya picha wakati shata iko wazi. Tuseme kijito kinakwenda mita moja kwa sekunde, na picha yako inachukua upana wa mita mbili. Kwa nusu sekunde maji yamesafiri nusu mita, yaani robo nzima ya picha; hapo utapata nyuzi ndefu laini. Sasa nenda Udzungwa, kwenye maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170, usimame mbali uyachukue yote, picha yako ikiwa na kimo cha mita 200. Hata maji yakianguka mita 10 katika nusu sekunde ile ile, hiyo ni sehemu ya ishirini tu ya picha. Namba ni ileile, matokeo mbalimbali. Mwelekeo nao una neno lake: maji yanayokatiza mbele ya lenzi huchora mistari upesi, yanayokujia usoni huchelewa.

Ukishaelewa hilo, namba zinakuwa za kuanzia tu. Kwa moja ya mia tano ya sekunde matone hugandishwa hewani. Kati ya moja ya nane na nusu sekunde, kijito cha karibu hutoa nyuzi ambazo bado zina umbo, unaona maji yanavyolizunguka jiwe na kujipinda nyuma yake. Ukivuka sekunde mbili, nyuzi huyeyuka na kubaki ukungu. Mimi hupenda hapo katikati. Ukungu mtupu hausemi mto unaelekea wapi.

Kuna kipindi ukungu huo haukuwa hiari. Carleton Watkins alipopiga picha bonde la Yosemite, Marekani, mwaka 1861, vioo vyake vya kupigia vilihitaji mwanga wa muda mrefu, na kila maporomoko yaligeuka wingu, atake asitake. Mwaka 1932 Ansel Adams, Edward Weston na wenzao wakaunda kundi la San Francisco wakaliita Group f/64, kwa jina la tundu dogo kabisa la lenzi linalofanya kila kitu, cha mbele na cha nyuma, kionekane kwa ukali. Kwenye kamera zao kubwa hilo lilikuwa sawa. Vijana wa leo huiga kwa kubana tundu hadi f/22 kwenye kamera ndogo za kidijitali, wakidhani wanaongeza ukali. Wanaupunguza. Mwanga ukipenya kwenye tundu finyu hutawanyika, na vile vinyweleo vya jani ndivyo vinavyopotea mwanzo. Tumia f/8 au f/11.

Lakini ukiacha f/22, mwanga unakuwa mwingi kupita kiasi. Juani, hata kwa ISO 100 (usikivu mdogo wa kamera kwa mwanga) na f/16, shata inayofaa ni takriban moja ya mia ya sekunde. Ukitaka nusu sekunde umezidisha mwanga mara 50. Basi ngoja mawingu, ingia msituni, au wahi alfajiri. La sivyo funga mbele ya lenzi filta ya kijivu inayopitisha sehemu moja kati ya 64 ya mwanga. Hata hivyo, mwenye pesa ya filta moja tu nitamwambia anunue ile ya kuzungusha inayofuta mng'ao. Mwamba uliolowa na jani lenye unyevu huakisi anga na kuonekana vyeupe. Ukiizungusha, weupe unatoka na kijani kinarudi. Tena yenyewe hubakiza takriban robo ya mwanga, kwa hiyo umepata mawili kwa bei ya moja. Fokasi iwe kwenye jani, kisha ifunge hapo kabla ya kuweka filta nzito, kwa sababu gizani kamera itahangaika bure. Na upimaji wa mwanga ufuate maji: weupe ukishaungua haurudi, ila jani lililofifia kidogo unaweza kulinyanyua baadaye.

Adui asiyetajwa ni upepo. Maporomoko hutengeneza upepo wao wenyewe, na jani ulilolichagua kwa uangalifu hutikisika nusu sekunde yote. Ama subiri litulie, ama piga mbili bila kusogeza stendi: moja ya haraka kwa ajili ya jani, ISO ikiwa juu, na nyingine ya polepole kwa ajili ya maji, uziunganishe nyumbani. Wapo wanaoita huo udanganyifu. Mimi sioni ubaya, kwani jani lilikuwepo na maji yalikuwepo, dakika ileile. Stendi usiisimamishe kwenye mkondo wenye nguvu; miguu yake hutetemeka hata kama huoni. Weka saa ya sekunde mbili ili kidole chako kiwe kimeshatoka. Mwenye simu aiegemeze kwenye jiwe: simu nyingi za sasa huunganisha picha kadhaa za haraka kuwa moja laini, na mkono ukicheza jiwe nalo linalainika.

Kuhusu kiasi, wengi huyapa maji nafasi kubwa mno. Rangi nyeupe huvuta jicho kwa nguvu, hivyo hata robo ya picha inatosha. Ziba maji kwa kidole gumba kwenye skrini. Kama kilichobaki hakitazamiki, umechagua jiwe baya, sogea.

Msimu nao uupime. Katikati ya masika, Machi hadi Mei, vijito vingi hubeba udongo na nyuzi zako zitatoka za kahawia. Mvua zikikatika maji husafika huku ukoga ukiwa bado mbichi, na hapo ndipo ningekwenda. Viatu viwe vya kukamata, maana ukoga uleule unaopendeza kwenye picha ndio unaoteleza. Na ukiona maji yamebadilika rangi ghafla, huenda mvua imeshanyesha huko juu: ng'oa stendi upande ukingoni, hata kama jani ndiyo kwanza limetulia.