Kanda za Safari Ziko Wapi?

Mzee mmoja wa Nyamwaga, wilayani Tarime, alitutolea kaseti kutoka sanduku lake la bati. Upande mmoja mna kwaya. Upande wa pili mna matangazo ya mbio za magari za Safari za Pasaka ya 1982, aliyoyanasa kwa redio kaseti kutoka Kenya, kwani mawimbi hayaulizwi pasi mpakani. Tulisikiliza dakika chache, kisha utepe ukakwama. Tuliona haya kuendelea.

Mwaka ule Shekhar Mehta alishinda mara ya nne mfululizo, na ya tano kwa jumla.

Vijana wetu wengi hudhani Safari ni ya Wakenya peke yao. Sivyo. Tangu 1953 mbio hizo zilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa magari kama yale yaliyouzwa madukani. Mwaka 1972 zilianzia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kuzishinda. Ni katikati ya miaka ya 1970 ndipo zilipobaki Kenya tu.

Atafutaye picha zake hakosi kitu. Wajapani walitengeneza filamu nzima ya mchezo juu ya Safari, iliyotoka 1969, na wageni wengine nao walipiga zao. Lakini picha hizo hutazama gari na dereva. Wanavijiji waliolisukuma litoke matopeni hupita kama miti ya kando ya njia. Masimulizi ya Kiswahili yalikuwa redioni, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni miaka ile. Nazo tepu zilikuwa ghali. Vituo vingi vya redio duniani vilizoea kufuta za zamani ili kurekodia mpya.

Kwa hiyo hatuafikiani na wanaongoja yote yapatikane katika maghala ya wakubwa. Twawaomba wasomaji wafungue masanduku yao, na wenye vituo vya utangazaji wawapokee, wanakili, warudishe.

Warudishe, twasisitiza. Mzee wetu amekubali kuazima kaseti yake kwa sharti moja, kwamba upande wa kwaya usiguswe kabla haujanakiliwa. Katika kwaya ile anaimba marehemu mkewe.