Zamrock: Anza na Amanaz

Anayempendekezea mwenzake bendi ya rock aliyoijua juzi huchagua, mara nyingi, wimbo unaonguruma kuliko zote. Kwa bendi za Zambia za miaka ya 1970, zile zinazoitwa Zamrock, uchaguzi huo hauwatendei haki wanamuziki wenyewe. Wasikilizaji wengi wa kwetu ndio kwanza wanazisikia, na wakianzishiwa nyimbo zilizo karibu zaidi na Jimi Hendrix au Black Sabbath, huondoka wakiamini wamesikia nakala. Mlango mzuri zaidi ni "Khala My Friend" ya Amanaz, kutoka albamu yao Africa ya mwaka 1975. Unakwenda taratibu, magitaa mawili yanafumana bila kugombana, na sauti inamlilia rafiki bila kupiga kelele. Ukishauzoea, sikiliza "History of Man" katika santuri hiyo hiyo. Hapo gitaa linakwaruza vikali, na utaelewa kwamba ukali ule umetoka kwa watu wanaojua pia kunyamaza.

Wapo wanaosema kwamba hawa waliiga tu. Ni kweli walianza kwa kuiga, na hawakuficha: Emanuel Chanda, mwimbaji wa bendi ya WITCH, alijulikana kama Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger. Lakini kuiga hakuelezi kilichofuata. Serikali ya Kenneth Kaunda iliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia, na vijana waliolelewa na nyimbo za Uingereza na Marekani wakajikuta wana nafasi ya kujaza. Paul Ngozi na kundi lake la Ngozi Family walijibu kwa "Nizakupanga Ngozi" (1977), wimbo wa Kinyanja cha mitaani juu ya gitaa zito, mfupi na mkali. Kwa maoni yangu hakuna rekodi ya Zamrock inayojiamini kuliko hii. Mwaka 2024 rapa Tyler, the Creator aliichukua sehemu yake akaiweka ndani ya "Noid", na mamilioni ya vijana wakaisikia sauti ya Ngozi, aliyefariki mwaka 1989, bila kujua ni ya nani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba rock si muziki wetu, na Kiingereza cha WITCH kinathibitisha hivyo. Ajabu ni kwamba gitaa la umeme halikumzuia mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe kuwa wa Morogoro. Hakuna anayedai muziki wa dansi ni wa kigeni kwa sababu ala zake zilitoka kiwandani ng'ambo. Sikiliza "Strange Dream" katika Lazy Bones!! ya WITCH (1975), kisha uwasikilize Musi-O-Tunya, kundi la Rikki Ililonga, katika Wings of Africa ya mwaka huo huo. Hawa walifanya kazi Nairobi, na ngoma zao zinavuta mdundo upande ambao bendi za London hazikuwahi kwenda. Kuhusu sauti hafifu ya rekodi hizi sina utetezi mrefu. Studio zilikuwa na vifaa vichache, na ndiyo maana ninapendekeza utumie spika nzuri, si simu.

Nchi iliyowalea wanamuziki hawa ilitegemea shaba. Bei yake ilipoporomoka katikati ya miaka ya 1970, fedha za matamasha na za kununua santuri zikapungua. Baadaye Ukimwi uliwachukua wengi wa wanamuziki hao, na Jagari akaingia kuchimba vito. Kampuni za nje, kama Now-Again ya Los Angeles, zilipotoa upya albamu hizi, zilifanya kazi njema, ingawa Wazambia wenye umri hawakuhitaji kugunduliwa na yeyote.

Historia hii inasikitisha, lakini mtu asisikilize kwa huruma. "Khala My Friend" ingekuwa wimbo mzuri hata kama wapigaji wake wangeishi maisha marefu na ya raha. Na usidhani yote yamekwisha: mwaka 2023 WITCH walitoa Zango, albamu yao ya kwanza baada ya takriban miaka 40, Jagari akiwa mbele ya maikrofoni. Sikiliza Amanaz kwanza, halafu uinunue hiyo, kwa sababu mwimbaji wake bado yupo kazini.