PUNJE INAVUNJIKA, PICHA INABAKI

Wengi wetu tunajua mionzi ya X kwa sababu ya «radio» ya hospitali: mionzi inapita katika nyama, mfupa unaizuia, picha inatokea. Lakini tukitaka radio ya punje ndogo kuliko vumbi, mpaka tuone atomi zake zimepangwa namna gani?

Shida ni hii. Punje hiyo inahitaji mionzi mikali sana, na mionzi mikali inang'oa elektroni katika atomi. Atomi zinabaki na chaji chanya. Tuliosoma umeme tunajua: chanya na chanya zinasukumana. Basi punje inapasuka.

Wataalamu walijibu kwa haraka. Huko Stanford, California, tangu 2009 kuna mashini inayoitwa LCLS. Elektroni zinakimbizwa karibu na mwendo wa mwanga, sumaku zinaziyumbisha, nazo zinatoa laseri ya mionzi ya X. Pigo moja halifiki hata femtosegonde mia chache. Gawanya segonde moja katika vipande milioni, kisha kipande kimoja ukigawanye tena katika bilioni: hiyo ndiyo femtosegonde. Mionzi inakwisha kupita na kuacha alama zake kabla atomi hazijaachana. Punje imekufa, lakini picha imekwisha toka.

Je, hayo yanatuhusu sisi wa Kivu? Ndiyo! Kongo ndiyo yenye wagonjwa wengi wa malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Mwaka 1998 Afrika iliandika wagonjwa karibu 40,000. Tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza umbo la enzimu moja ya kimelea cha malale, katepsini B, lililopatikana kwa mashini ile. Kristali zake zilikuwa na upana wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa kuwa kila kristali inakufa kwa pigo moja, ilibidi kuunganisha picha zaidi ya 170,000.

Faida yake? Mwili wetu nao una katepsini B. Dawa njema inapaswa kuifunga ile ya kimelea bila kugusa yetu, na picha ilionyesha zinapotofautiana. Picha si dawa, lakini anayetengeneza ufunguo anaangalia kwanza kufuli.

Basi wadogo zetu mnaouliza sheria ya chaji inatumika wapi, jibu ndilo hilo.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho